Matumizi yanayovuja: pesa ndogo inayoondoka bila kuamuliwa

Matumizi yanayovuja ni pesa ndogo inayotoka mfukoni mara kwa mara bila mwenyewe kukaa na kuamua kwamba itoke. Mambo matatu hukutana hapo: kiasi ni kidogo hata hakiumi, kinajirudia, na hakuna siku kiliamuliwa. Likikosekana moja kati ya hayo, unazungumzia kitu kingine. Kodi ya chumba mtaa wa Sakina, Arusha, inajirudia lakini si ndogo, na mwenye nyumba anapodai ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kila mtu nyumbani anajua imekwenda wapi. Nyama choma ya Jumamosi na marafiki ni starehe, na starehe iliyopangwa haina ugomvi na akiba. Rambirambi ni wajibu. Hakuna mtu wa Uchagani anayehitaji kuelezwa hilo.

Nasisitiza mpaka huu kwa sababu ushauri mwingi wa kubana matumizi huanza kwa kumnyang'anya mtu chai yake. Asubuhi ya Julai Arusha, baridi imeshuka kutoka Meru, kibarua wa ujenzi anakunywa chai na chapati mbili kabla ya kuanza kubeba zege. Hicho ni chakula cha kazi. Mwambie aache, ataacha siku chache, kisha njaa itamrudisha kwa mama lishe saa nne asubuhi atumie zaidi ya alichookoa. Kubana mahali pasipovuja kunaumiza, na mtu akishaumia hurudi alikotoka na kuapa kwamba akiba ni ya matajiri.

Tuangalie hesabu yenyewe. Shilingi 500 kila siku ni 15,000 kwa mwezi wa siku 30, na kwa mwaka ni 182,500. Mahali pakiwa patatu pa namna hiyo, mwezi umeondoka na 45,000. Hatuzioni kwa sababu haziondoki pamoja. Mia tano inabaki dukani kwa Mangi asubuhi, nyingine inaingia kwenye bando mchana, nyingine kwa wakala jioni. Ukiulizwa mwisho wa mwezi umetumia nini, utataja kodi, ada na unga, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyouma.

Sehemu kubwa ya matumizi haya hata haitokani na anasa. Inatokana na kukosa pesa ya kununua kwa wingi. Familia nyingi za mitaa ya Arusha na Moshi kama Ungalimited, Majengo au Pasua hununua kwa kupima: mafuta ya kula ya mia tano, sukari robo, mkaa wa kopo, sabuni kipande. Muuza duka naye lazima ale, kwa hiyo kipimo kidogo mara nyingi kina bei kubwa kuliko kipimo kikubwa. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa lita ileile, na jambo hili linanisikitisha kila ninaposikia wenye nacho wakisema watu wa kipato cha chini hawajui kutunza pesa.

Unaweza kulipima mwenyewe. Chukua chupa yenye alama za mililita, mimina mafuta uliyonunua kwa mia tano, usome. Chukulia umepata mililita 70. Gawa 500 kwa 70, zidisha kwa 1,000, na utaona kwamba unanunua lita kwa kama shilingi 7,140. Chukulia tena dumu la lita 5 linauzwa 30,000, yaani 6,000 kwa lita. Ukipika kwa mililita hizo 70 kila siku, kwa mwezi unatumia mililita 2,100, ambazo kwa kupima ni shilingi 15,000 na kwa bei ya dumu ni 12,600. Tofauti ni 2,400. Bei hizi ni za mfano. Weka za mtaani kwako, maana bei ya Soko la Kilombero, Arusha, na ya duka la kona hazilingani.

Hiyo 2,400 si pesa ya kukutoa machozi ya furaha, na ni vizuri kuisema jinsi ilivyo. Dumu hilo litakaa zaidi ya miezi miwili, maana yake umefungia shilingi 30,000 jikoni wakati ada inakusubiri. Halafu dumu likiwa ndani, mkono unamimina. Mama aliyekuwa akipika kwa mililita 70 anajikuta kwenye 100, na faida yote imeishia kwenye kikaango. Kwa hiyo kununua kwa wingi kunaziba mvujo pale tu kipimo cha matumizi kinapobaki kilekile. Dawa ni kuendelea kupima nyumbani: mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu ulifungie kabatini. Na uanze na bidhaa moja. Ukiziba ya kwanza, ile tofauti inakusaidia kununua ya pili kwa wingi.

Si kila kununua kidogo ni hasara. Umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, bei ya uniti ni ileile ukinunua wa elfu mbili au wa elfu ishirini. Makato ya kodi ya jengo, ambayo yalianza kuchukuliwa kupitia LUKU mwaka 2021, hayaongezeki kwa sababu umenunua mara nyingi. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo ya nyumbani anachopaswa kuchunga ni uniti 75 za mwezi, kwa sababu juu ya hapo bei ya uniti inapanda sana. Mtu huyo akinunua umeme mwingi kwa mkupuo akidhani anaokoa, anaweza kujikuta amevuka mstari huo.

Kwenye simu ndipo pesa inapopotea kimyakimya zaidi. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, nchi nzima ilijua kila muamala unakata kiasi gani. Watu walihesabu, wakalalamika, na Septemba mwaka uleule serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Natamani umakini ule ungebaki, kwa sababu ada za kawaida za kutoa pesa bado zipo na wachache tunazisoma. Ada hizo zimepangwa kwa madaraja: ukitoa 5,000 mara nne, unalipa ada ya daraja la chini mara nne, na jumla yake huzidi ada ya kutoa 20,000 mara moja. Bango la ada linabandikwa kwa wakala. Lisome, upige hesabu ya wiki yako. Mara nyingi mtu hutoa kidogo kidogo kwa nia njema kabisa, akiogopa kwamba akiwa na noti mkononi atazimaliza, na hajui kwamba woga huo nao unalipiwa.

Bando la siku nalo litazame. Linganisha bei ya megabaiti moja kwenye bando la siku na la mwezi, kisha angalia ni kiasi gani kinaisha muda kabla hujakitumia. Kwenye WhatsApp unaweza kuzuia video na picha zisijipakue zenyewe unapotumia data ya simu. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na kwa mtu aliye kwenye magrupu ya harusi matatu inaonekana haraka. Kukopa salio ni vilevile: kila ukikopa hukatwa ada. Kukopa mara moja usiku kwa dharura ni sawa. Kukopa kila baada ya siku mbili ni kununua vocha kwa bei ya juu maisha yako yote.

Bodaboda sitaisema sana. Nauli ya kifodi, basi dogo la mjini, ikiwa 600 na ya boda 2,000, anayepanda boda mara tatu kwa wiki kwa sababu amechelewa kutoka nyumbani analipa 16,800 zaidi kwa wiki nne. Dada anayetoka kazini saa nne usiku akapanda boda la dereva anayemjua hadi mlangoni, hiyo ni gharama ya usalama. Asiiguse.

Maneno "kwa mwezi" hayawafai watu wote wa mikoa hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, na hapa ndipo ushauri wa kawaida wa akiba unapowaacha wengi njiani. Mpagazi wa Moshi hana mwezi. Ana safari. Anapanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame au Marangu, anashuka baada ya siku tano, sita au zaidi, analipwa ujira na tipu, na safari ya pili inaweza kuja kesho au baada ya wiki tatu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari, wageni ni wengi. Masika, hasa Aprili na Mei, mlima unakuwa na watu wachache na mji unasikia. Ndivyo ilivyo pia kwa dereva wa watalii Arusha na kwa wengi wanaoishi kwa biashara ya utalii: muuza vinyago, mpishi wa kambi, dobi.

Kwao mvujo una sura nyingine. Haupo kwenye mafuta ya mia tano, upo kwenye siku mbili za kwanza baada ya kushuka. Mwili umechoka, mfuko umejaa, madeni ya dukani yanalipwa, marafiki wanakuja na shida za kweli na zisizo za kweli, na kila kitu kinaonekana kidogo ukilinganisha na bahasha. Kwa mtu huyo kipimo sahihi ni cha safari. Sehemu ya kila safari iondoke kabla hajafika mtaani, iende kwenye kikoba au akaunti asiyotembea nayo kwenye simu, na ihesabiwe kuwa ni mshahara wa Aprili na Mei. Asipofanya hivyo, masika humkuta akibisha hodi kwa wakopeshaji wa kausha damu, na riba ya huko hula msimu unaofuata kabla haujaanza.

Kuupata mvujo wako hakuhitaji daftari la mwaka mzima. Andika kila shilingi kwa wiki mbili tu, mradi moja iwe ile ya mshahara au malipo na nyingine iwe ya ukata, kwa sababu tunatumia tofauti kabisa katika wiki hizo. Taarifa ya miamala ya simu itakusaidia kwa yale uliyosahau. Mkiwa wawili nyumbani, andikeni wote, na msisomeane kwa kushtakiana. Baba akianza kuhoji pesa ya vitunguu huku bia zake hazimo kwenye orodha, zoezi limekufa siku hiyohiyo. Kisha tafuteni kile kilichojirudia ambacho hakuna kati yenu aliyekiamua. Chagueni kimoja.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Pesa iliyookolewa ikibaki mfukoni, itatumika kwa kitu kingine kidogo ambacho nacho hakikuamuliwa. Ihamishwe siku ileile ambayo ingetumika: ile mia tano iingie kwenye kibubu asubuhi, ile ya boda ihamishwe mara tu ukishuka kwenye kifodi. Kwa simu, kusanya kwanza ya wiki ndipo uhamishe, ili ada isikule tena. Kibubu kikijaa, peleka kwenye hisa za kikoba au benki, na ujue mapema ni ya nini. Wengi wa Moshi na Arusha wana mambo mawili makubwa yanayofuatana, Krismasi ya nyumbani na ada ya Januari, na 15,000 ya kila mwezi ikianza kuwekwa Februari inafika Desemba ikiwa 165,000.