Mashine ya boti ikipiga kengele

Pale ufukweni Bagamoyo, mashine ya boti, ile inayofungwa nyuma, ikianza kulia piiii bila kukata, neno la kwanza utakalosikia ni "imechemsha". Mara nyingi ni kweli. Lakini kwenye mashine nyingi mlio huo huo hutoka pia presha ya oili ikishuka, na hapo ndipo watu huua mashine: wanatafuta tatizo kwenye maji, kumbe liko kwenye oili.

Kengele ya tahadhari, au alamu kama wengi wanavyoita, ni kidude kidogo cha kutoa sauti, mara nyingi kimefichwa ndani ya boksi la mkono wa gia kando ya nahodha. Kinaunganishwa kwa waya na sensa zilizo kwenye mashine: moja inapima joto, nyingine presha ya oili, na kwenye baadhi ya mashine iko ya kuonya kwamba kichujio cha petroli kimeingia maji, au kwamba chaji ya betri imeshuka. Sensa haijui sababu. Inachojua ni kwamba kipimo kimevuka mpaka, basi. Sababu ni kazi yako kuitafuta.

Pamoja na kelele, mashine za kisasa hujipunguzia resi zenyewe. Unakuta umekandamiza mafuta lakini boti inatambaa, mizunguko imekwama kwenye 2,000 au 3,000 kwa dakika kulingana na aina. Manahodha wengi huiona hiyo kama ubovu wa pili, wakaongeza mafuta kwa hasira. Si ubovu. Mashine inajikinga isinoki, na haitakurudishia nguvu mpaka urudishe mafuta chini na kasoro yenyewe iondoke.

Sasa hilo la kuchemsha. Mashine ya gari hubeba maji yake kwenye rejeta. Mashine ya boti hunywa bahari. Mguuni, yaani ile sehemu ya mashine inayozama chini ya maji, kuna matundu yenye wavu. Ndani yake inazunguka impela, kijigurudumu cha mpira chenye mapezi, inayosukuma maji juu kwenye silinda. Yakishapoza hurudi baharini, na sehemu ndogo huchuruzika nyuma kwa tundu dogo. Huo ndio "mkojo" wa mashine. Katikati ya njia kuna themostati, mlango unaofunguka maji yakifika nyuzi 50 hadi 60 hivi. Ikikwama imefunga, mashine inachemka hata kama pampu ni mpya.

Bagamoyo kwa mashine za namna hii ni mahali pagumu. Ufuko ni mrefu na kina ni kidogo. Siku za bamvua maji yakipwa, boti zinabaki zimelala mchangani, na anayechelewa kurudi hupita mguu wa mashine ukikwaruza chini. Mto Ruvu nao unamwaga tope lake upande wa kaskazini. Mchanga ukivutwa unakula mapezi ya impela kama msasa.

Tuliwahi kurudi kutoka fungu la mchanga la Mwambakuni, abiria wanane, maji yanapwa, kengele ikalia. Nahodha akarudisha mafuta, akaweka frii, akamwita kijana wake aliyekaa nyuma: "Dogo, hebu tazama mkojo."

"Haikojoi, nahodha."

Akazima, tukatia nanga. Abiria mmoja alishachota maji kwa kopo aimwagie mashine, nahodha akamshika mkono. Alikuwa sahihi: chuma cha moto kikipigwa maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka. Mashine ikainuliwa, na mguuni kulikuwa na mfuko wa nailoni umejiviringisha ukafunika wavu wote. (Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini bahari haikupata tangazo.) Ukatolewa, tukangoja kama dakika 20. Mashine ikawaka, kengele kimya, ila mkojo bado haukutoka. Kijana akakata kipande cha mshipi mnene wa kuvulia, akakichomeka kwenye lile tundu, ikatoka punje ya chumvi iliyoganda na mchanga, kisha maji. Akaweka kidole: ya moto mno. Baada ya muda akaweka tena: vuguvugu. Ndipo tukang'oa nanga.

Kuna mambo mawili hapo. Tundu lililoziba halimaanishi kwamba maji hayapandi, kwa hiyo lizibue kabla hujaanza kufungua pampu. Mashine iliyokaa nchi kavu hata nyigu hujenga humo. Na kama mkojo unatoka kwa nguvu huku kengele inalia, acha maji kwanza, nenda kwenye oili.

Hapa inategemea mashine yako. Yenye oili ndani kama ya gari, zima, isimame wima, ngoja, vuta kijiti upime. Ikiwa chini, ongeza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia; usiiwashe tena, omba kuvutwa. Zile za oili kwenye tangi la pembeni, ambazo hujichanganyia zenyewe, huonya tangi likikaribia kwisha, na kengele inanyamaza ukijaza. Aina ya mlio, mrefu au wa kukatakata, hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Jibu la uhakika limo kwenye kitabu cha mashine, kile ambacho mara nyingi kimebaki kwa muuzaji.

Usije ukaamini ukimya. Mashine nyingi zenye swichi ya ufunguo hulia kidogo unapoufungua, kujipima. Kama yako ilikuwa inalia na siku hizi hailii, kagua waya. Nimeona boti ambayo waya ulikatwa makusudi kwa kuwa kelele zinatisha wageni. Na zile mashine ndogo za kuwasha kwa kuvuta kamba, za nguvu farasi 15 kushuka, ambazo petroli unaichanganya mwenyewe, nyingi hazina kengele kabisa. Ukisahau oili kwenye dumu, hakuna kitakacholia. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400, na wavuvi wenye mashine hizo wana alamu moja tu: yule aliyekaa nyuma, akitupa jicho kwenye mkojo kila baada ya muda.