Kwa nini fimbo moja ya pool huchukua miezi mingi kukamilika?

Je, wajua kwamba fundi anayetengeneza fimbo za pool kwa oda hutumia muda mwingi kusubiri kuliko kukereza? Fimbo ina urefu wa sentimita 147 hivi na uzito wa gramu 500 na kitu. Mashine ingeimaliza upesi tu. Kinachochelewesha ni mti wenyewe.

Sehemu ya mbele, ile inayoteleza kwenye vidole vya mchezaji, kwa kawaida ni maple ngumu, mbao ya mti wa Amerika Kaskazini. Mti ukikua hujengeka mvutano ndani yake: nyuzi za upande huu zinavuta, za upande ule zinazuia. Ukikwangua tabaka la nje, nguvu hizo hazilingani tena, na mbao inapinda. Isitoshe, sehemu mpya iliyofunuliwa huanza kunyonya au kutoa unyevu. Ndiyo maana fundi hukereza kidogo sana, chini ya milimita moja, halafu huutundika mti wima na kuuacha wiki kadhaa, au hata miezi. Akirudi huuzungusha kwenye mashine na kukazia macho ncha. Ikitulia kana kwamba haizunguki, umenyooka. Ikiwa na kivuli kinachochezacheza pembeni, umepinda. Hurudia hivyo mpaka unene wa ncha ufike milimita 13 au pungufu, na ule unaokataa kunyooka hutupwa, hata kama umekaa karakana mwaka mzima. Naiheshimu sana kazi hii kwa sababu hiyo.

Mmoja wa mafundi wa kazi hii alikuwa George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani. Alianza kutengeneza fimbo Brooklyn, jijini New York, mwaka 1959 na akaendelea hadi alipofariki mwaka 1975. Leo wakusanyaji huzigombania fimbo zake.

Urembo wa kitako, ile sehemu ya nyuma ya fimbo, nao una siri yake. Zile pembetatu ndefu za rangi zinazopanda kutoka kwenye mshiko, zikiwa zimeundwa kwa mbao zilizokatwa umbo la V na kupachikwa kwa gundi, huishia kwa ncha kali kama sindano. Zikichongwa na mashine ya kompyuta, kisu chake cha duara huacha ncha yenye kiduara kidogo, isipokuwa fundi aimalizie kwa mkono. Chungulia hapo utajua ilitengenezwaje.

Na mpingo wetu umo. Baadhi ya mafundi huutumia kwenye kitako kwa sababu ni mzito kiasi cha kuzama majini, mweusi, na ukisuguliwa unang'aa. Tangu 2017, biashara ya kimataifa ya mbao za jamii yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo fundi wa ng'ambo anayetaka kuziagiza huhitaji vibali.

Siku hizi wapo wanaoweka sehemu ya mbele ya nyuzi za kaboni, isiyojali unyevu. Kitako, hata hivyo, wengi bado hukitaka cha mti.