Kujitangaza muflisi bila wakili nchini Marekani: maana yake

Mtaani, muflisi ni yeyote aliyeishiwa. Katika sheria ya Marekani, kufilisika ni kesi. Unafungua jalada katika mahakama ya shirikisho, unaorodhesha mali zako zote na wote wanaokudai, na tangu saa hiyo wadai wengi wanazuiwa kukusumbua kwa simu, kukushtaki au kukata mshahara wako.

Mtu binafsi anaruhusiwa kujiwakilisha katika kesi hii. Kampuni iliyosajiliwa hairuhusiwi, hata kama mwenyewe ni wewe peke yako.

Kinachowafanya watu wamkwepe wakili ni pesa. Ada ya mahakama kwa kesi ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ni dola 338. Inalipika kwa awamu, na mwenye kipato cha chini anaweza kuomba asamehewe. Wakili mara nyingi hutoza zaidi ya dola 1,000, na aliyezama kwenye madeni atazitoa wapi?

Chini ya Sura ya 7, mfilisi, yaani msimamizi anayeteuliwa kushughulikia kesi yako, huchukua mali isiyolindwa na sheria, akaiuza na kuwalipa wadai, kisha madeni mengi yanayobaki yanafutwa. Matunzo ya watoto hayafutwi, na mikopo ya elimu kwa kawaida pia. Sura ya 13 ni mpango wa kulipa kwa miaka 3 hadi 5. Hiyo usiiendee bila wakili.

Wengi hupima kwa ukubwa wa deni. Mimi naona kipimo sahihi ni kile unachoweza kupoteza. Mwenye deni la dola 60,000 za kadi na hospitali, anayepanga chumba na kuendesha gari kuukuu, anaweza kujaza fomu mwenyewe akafika salama. Mwenye deni la dola 15,000 na kiwanja Kigamboni yuko hatarini zaidi.

Hapa ndipo ndugu zetu wa ughaibuni wanapoumia. Sheria inahesabu mali yako popote ilipo duniani, hata ikishikwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Shamba la Kitengela lazima liandikwe. Kulificha kwa makusudi ni jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Tena, ikiwa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua kesi ulimrudishia kaka yako fedha alizokukopesha, mfilisi anaweza kumdai azirudishe, ili zigawiwe wadai wote. Kwetu kumlipa ndugu kwanza ni uungwana. Kwa mfilisi ni upendeleo.

Na ukishagundua kosa, huwezi kuifuta kesi ya Sura ya 7 kwa kutaka tu. Lazima mahakama ikubali sababu zako.

Jihadhari pia na wanaojaza fomu kwa malipo bila kuwa mawakili. Kazi yao kisheria ni kuandika unachowaambia. Wakianza kukushauri ufungue Sura ipi, wamevuka mpaka. Makarani wa mahakama nao hawaruhusiwi kukushauri.

Ukiamua kuendelea peke yako, pata kwanza cheti cha ushauri wa madeni kutoka taasisi iliyoidhinishwa, ndani ya siku 180 kabla ya kufungua kesi. Baada ya kufungua kuna kozi ya pili; ukiiacha, madeni hayafutwi. Kwenye kikao cha kuhojiwa na mfilisi, omba mapema mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo ni bure, na majibu yako hapo yanatolewa chini ya kiapo.