Koili Kubwa na "Kina": Vitu Viwili Vinavyochanganywa

Mtu mwenye detekta ya metali akifunga koili (sahani yenye waya iliyo mwisho wa fimbo) ya inchi 15 mahali pa ile ya inchi 11, sentensi inayofuata karibu kila mara ni hii: "Sasa detekta ina nguvu zaidi, inaingia chini zaidi." Nusu ya kwanza si kweli. Nusu ya pili ni kweli mara nyingine, kwa vitu fulani, kwenye mchanga fulani. Betri ni ileile na saketi ni ileile. Kilichobadilika ni umbo la uga wa sumaku unaotoka kwenye koili, pamoja na wingi wa mchanga ambao koili inausikiliza kwa wakati mmoja.

Kina ni umbali mkubwa kabisa kati ya koili na kitu ambapo ishara ya kitu hicho bado inashinda kelele, yaani ishara zisizotakiwa za mchanga na za umeme wa jirani. Basi. Lakini tazama kilichomo humo: kitu, mchanga na kelele. Ndiyo maana swali "koili hii inafika sentimita ngapi?" halina jibu mpaka useme unatafuta nini na wapi.

Hapo ndipo hesabu inaposaidia, maana wengi hudhani ukubwa na kina hupanda pamoja. Chukua koili mbili za duara, moja ya sentimita 28 na nyingine ya sentimita 38, kila moja ikirusha na kupokea kwa waya uleule, zote zikiwa na mkondo sawa na idadi sawa ya mizunguko ya waya. Kitu kilicho sentimita 5 chini ya katikati ya koili kitatoa kwenye ile kubwa ishara iliyo pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Kwenye sentimita 11 na nusu hivi zinalingana. Kwenye sentimita 30, kubwa inashinda: ishara yake ni mara 2.2 ya ile ndogo. Koili pana inautawanya uga wake, kwa hiyo karibu na uso ni dhaifu, ila unapungua polepole zaidi kadiri unavyoshuka.

Mara 2.2 inasikika kama ushindi mkubwa. Ibadilishe sasa iwe sentimita. Ishara hudhoofika haraka mno kwa umbali: ukishaenda mbali sana kuliko upana wa koili, kuongeza kina mara mbili kunaipunguza karibu mara 64, kwa kuwa uga hudhoofika ukienda na mwitikio hudhoofika tena ukirudi. Kwa hiyo kitu ambacho koili ndogo ilikisikia mwisho kwenye sentimita 30, kubwa itakisikia mwisho kwenye sentimita 36. Sita tu, tena hewani, pasipo chembe ya chumvi.

Kwenye mchanga ulioloa maji ya bahari hizo sita ziko hatarini. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na detekta huyasikia kama kitu. Koili pana inasikia mchanga mwingi wa namna hiyo, na vilevile inadaka mvumo mwingi zaidi wa nyaya za umeme na mitambo iliyo jirani. Mashine inaanza kupiga kelele, mtumiaji anashusha usikivu ili itulie, na ile faida inaondoka nayo. Tena mwitikio wa chumvi unakaribiana sana na wa pete nyembamba ya dhahabu au mkufu, hivyo ukiuzima mmoja unauumiza na mwingine. Mashine zinazorusha masafa mengi (mitetemo ya kasi tofauti) kwa pamoja huvumilia hali hii vizuri kuliko za masafa mamoja. Zile za mapigo, yaani zinazorusha pigo fupi kisha kusikiliza, hutulizwa kwa kuchelewesha kidogo muda wa kuanza kusikiliza, na gharama yake ni kupoteza dhahabu nyepesi. Mizani ya magunia haipimi kidani: hereni ndogo iliyo sentimita 8 chini inaweza kupitwa kabisa na koili ya inchi 15 hata mashine ikiwa imetulia tuli.

Basi koili kubwa inauza nini? Upana. Na hapa pia hesabu huchanganywa. Watu hulinganisha maeneo ya duara, yaani sentimita za mraba 616 kwa 1,134, kisha wanatangaza ongezeko la asilimia 84. Ukifagia, yaani ukiipitisha koili kushoto na kulia juu ya mchanga, unasonga mbele kwa hatua, na hatua hupimwa kwa kipenyo. Ukiacha kila mfagio ufunike nusu ya uliotangulia, koili ya sentimita 28 inasogea 14 na ya 38 inasogea 19. Ongezeko ni asilimia 36 hivi. Kwenye ufuko mpana wenye taka chache, maji yakiwa yamepwa na muda ni mfupi, hilo ni jambo kubwa kuliko sentimita zozote za kina. Kwenye mchanga uliojaa vizibo na vipande vya misumari ni hasara, kwa sababu vitu vitatu vinakaa chini ya koili kwa pamoja na chuma kinaifunika sauti ya sarafu iliyo kando yake.

Koili za DD, zenye nyaya mbili za umbo la herufi D zinazopandana katikati, husikia zaidi kwenye ukanda wa katikati unaotoka mbele hadi nyuma, na ukanda huo hufupika kadiri unavyoshuka chini. Usiuamini urefu wote wa koili kwa vitu vya kina.

Ukifunga, chagua koili iliyotengenezwa kwa mashine hiyohiyo. Plagi kuingia si ushahidi kwamba saketi inaikubali. Zungusha kebo kwenye fimbo iwe imeshikana, maana kebo inayocheza karibu na koili hutoa milio ya uongo. Washa (pete laini) za mpira zikae pande zote mbili za ncha ya fimbo, kati yake na masikio ya koili, na boliti ya plastiki uikaze kwa mkono tu. Fungua kifuniko cha koili mara kwa mara na usuuze, kwani mchanga mweusi wenye chuma ukinaswa humo unaenda nawe kila mfagio. Kisha uanze upya kusawazisha ardhi (kuifundisha mashine kupuuza mchanga wa hapo) na kufuta kelele. Mipangilio ya koili ya zamani haifai. Shusha usikivu hadi mashine itulie ikifagiwa sentimita 3 juu ya mchanga uliolowa. Uzito nao unahesabiwa: mkono ukichoka, koili huinuka sentimita 5 kila mwisho wa mfagio, na karibu kina chote ulichokinunua kimeishia hewani. Ndani ya maji yanayofika magotini, koili kubwa inasukumwa na mawimbi na kutaka kuelea.

Kujaribu koili kwa kupitisha sarafu hewani ni kupima bila chumvi. Fukia pete nyembamba sentimita 10 na sarafu nzito sentimita 30 kwenye mchanga uliolowa, kila kimoja mbali na kingine, ukiweka alama kwa vijiti. Pitisha koili zote mbili, kila moja ikiwa kwenye usikivu wa juu kabisa inaouvumilia bila kupiga kelele. Kuziweka zote kwenye namba ileile ya usikivu ni kuipendelea mojawapo.

Kwa hiyo mtu akisema koili yake mpya "ina kina", hajadanganya. Kasema nusu tu. Inafika chini zaidi kwa sarafu nzito kwenye mchanga mtulivu, na inafagia upana zaidi popote. Kwa hereni, ile ndogo aliyoivua bado ndiyo yenye kina.