Puli ya altaneta na mtetemo: klachi peke yake haitoshi

Siku hizi kila puli ya altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri ya gari, ambayo si kipande kimoja cha chuma huitwa "puli ya klachi", na maelezo yanayofuata huwa yale yale: kwamba puli hiyo inaibalansi altaneta ili isitetemeke. Maelezo hayo yana makosa mawili kwa mpigo. Mtetemo unaozungumziwa hautoki kwenye altaneta wala hauhusiani na balansi. Zaidi ya hapo, jina hilo linafunika vifaa viwili tofauti, kimoja chenye klachi tu na kingine chenye klachi pamoja na springi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtetemo utapungua kweli au utapungua nusunusu.

Fasili yenyewe ni fupi. Puli ya kutenganisha mtetemo ni ile inayofungwa kwenye shafti ya altaneta na kupokea mzunguko kutoka kwenye mkanda wa injini, kisha ikaupitisha mzunguko huo kwenye springi ya kujinyonga na klachi ya upande mmoja kabla ya kuufikisha kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka ndani ya altaneta. Kinachochujwa njiani ni mishtuko, mzunguko unapita.

Mishtuko hiyo chanzo chake ni injini. Krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haizunguki kwa kasi moja hata pale mshale wa mizunguko unapoonekana umetulia kabisa. Kila silinda inapowaka, krankishafti hurushwa mbele. Silinda inayofuata inapoanza kubana hewa, krankishafti huzuiwa na kupungua kasi. Katika injini ya silinda nne ya mipigo minne jambo hilo hutokea mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo injini inayozunguka mara 750 kwa dakika, yaani ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta, hutoa misukumo 25 katika kila sekunde. Injini za dizeli, kwa kuwa hubana hewa kwa nguvu zaidi, kwa kawaida huwa na mpando na mshuko mkubwa zaidi wa kasi, na ndiyo maana puli za aina hii hukutwa sana huko.

Hapa ndipo dai la balansi linapoanguka, na kuliangusha hakuhitaji zaidi ya hesabu ya kugawanya. Puli isiyo na balansi hutikisa mara moja katika kila mzunguko wake yenyewe. Altaneta huzunguka takriban mara mbili na nusu hadi tatu kwa kila mzunguko mmoja wa krankishafti; tukichukua 2.8, basi injini ikiwa kwenye 750 altaneta iko kwenye 2,100 kwa dakika, na kasoro ya balansi ingetikisa mara 35 kwa sekunde. Mtetemo unaorusha mkanda na kutikisa mkono wa tenshena, yaani kifaa kinachoukaza mkanda, huja mara 25, sawasawa na uwakaji wa silinda. Kuipeleka puli ikabalansiwe ili kuondoa mtetemo huo ni kutibu kiungo kisichougua.

Kwa nini basi lawama iangukie altaneta, wakati mkanda huohuo unazungusha pia kompresa ya kiyoyozi na pampu ya maji? Sababu ni uzito wa rota na ile kasi yake kubwa. Rota ni chuma kizito chenye koili ya shaba ndani yake, na ukaidi wake wa kubadili kasi, ukipimwa kutoka upande wa krankishafti, huzidishwa kwa mraba wa uwiano wa puli. Uwiano ukiwa 3, ukaidi huo huhisiwa mara 9. Kwa hiyo krankishafti inaporuka mbele, mkanda hulazimika kuivuta rota kwa nguvu. Inapopungua kasi, rota haikubali kupungua na huanza yenyewe kuusukuma mkanda. Upande wa mkanda uliokuwa umelegea hukaza ghafla, na kwa kuwa tenshena hukaa upande huo, mkono wake hupigwa huku na huku mara 25 kwa sekunde, saa zote ambazo gari liko kwenye foleni. Kwa injini iliyo kwenye kasi ya chini, nguvu ya kuibadilisha rota kasi inaweza hata kuipita ile inayohitajika kuzalisha umeme.

Puli ya kwanza kati ya zile mbili, yenye klachi ya upande mmoja pekee, hutatua nusu ya tatizo hilo. Ndani yake mna roli ndogo ambazo hushika puli inapotaka kwenda kasi kuliko rota, na huachia rota inapotaka kwenda kasi kuliko puli, kama gurudumu la nyuma la baiskeli linavyoendelea kuzunguka miguu inapotulia kwenye pedali. Krankishafti ikipungua kasi, rota hupita zake bila kuusukuma mkanda. Hilo ni jema, na mtu anayelisifu hakosei.

Kinachosahaulika ni nusu ya pili. Krankishafti inaporuka mbele tena, klachi hushika papo hapo, bila ulaini wowote, na mkanda hupokea mvuto wote kama ambavyo ungeupokea kwenye puli ngumu, ile ya kipande kimoja cha chuma. Kuna jambo jingine ambalo nadra kutajwa. Altaneta inapotoa umeme mwingi, sumaku yake huizuia rota isizunguke kwa wepesi. Rota hiyo, badala ya kuipita puli, hupungua kasi pamoja nayo, na klachi hubaki imeshika karibu muda wote. Washa taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma kwa pamoja, na puli ya klachi pekee hukaribia kuwa puli ngumu ya bei ghali. Nasema hivi bila kuidharau: ilibuniwa kwa kazi yake na inaifanya. Kuiita kifaa cha kutenganisha mtetemo ndiko kunakoniudhi.

Kutenganisha ni kazi ya springi. Springi na rota kwa pamoja huwa na kasi yao ya asili ya kuyumba, na mhandisi huchagua ulaini wa springi ili kasi hiyo iwe chini ya misukumo ya injini iliyo kwenye mzunguko wake wa chini. Mishtuko ikija kwa kasi inayoizidi kasi ya asili kwa mbali, springi hujinyonga na kujinyongoa upande wa puli huku rota ikiendelea karibu bila kujua kuna lililotokea. Sharti la kuizidi kwa mbali lina uzito wake: mpaka misukumo ifike takriban mara 1.4 ya kasi ya asili, springi haipunguzi kitu, na pale viwili hivyo vinapolingana mtetemo huongezeka. Ndiyo sababu hata mfumo mzima unaweza kutikisika kidogo wakati wa kuwasha na kuzima, injini inapopita katika eneo hilo, kisha ukatulia.

Springi hufanya kazi hiyo altaneta ikiwa na mzigo au ikiwa haina. Klachi iliyomo katika puli ya aina hii ya pili ina wajibu mwingine: hungoja mabadiliko makubwa, kama vile gia ya kiotomatiki inapopanda ukiwa umekanyaga mafuta na injini ikashuka mizunguko ghafla, au unapozima injini. Hapo rota iliyokuwa ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika huachiwa ipungue polepole kwa wakati wake, badala ya kuufanya mkanda uteleze na kulia.

Niongeze neno moja kuhusu puli yenye mpira iliyo mbele ya krankishafti, kwa kuwa nayo huingizwa katika mjadala huu. Ule mpira na ule uzito wa pete vimewekwa kuzima mnyongo wa krankishafti yenyewe, ambao ni mtetemo wa kasi ya juu sana kuliko misukumo 25 kwa sekunde. Isipokuwa aina chache zilizotengenezwa makusudi zitenganishe na mkanda pia, puli hiyo huuacha mpando na mshuko wa kasi upite hadi kwenye mkanda kama ulivyo. Kukaza mkanda zaidi ya kipimo nako hakusaidii: mtikisiko huenda ukapungua machoni, lakini nguvu huhamia kwenye beringi za altaneta na za pampu ya maji.

Ukifunga puli ngumu mahali pa ile yenye springi, altaneta itachaji vizuri tu, na hilo ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba hakuna kilichopotea. Kilichopotea huonekana kwenye mkono wa tenshena unaocheza bila kukoma na kwenye mkanda unaochakaa kabla ya wakati wake.

Basi, fundi mwenzangu, unapoijaribu puli mkanda ukiwa umetolewa na rota imeshikwa, uizungushe pande zote mbili kabla ya kuihukumu. Upande mmoja itazunguka kwa uhuru, na hapo aina zote mbili zinafanana. Upande wa pili, ile ya klachi pekee hugota mara moja. Ile yenye springi hukubali kidogo, ikakaza kadiri unavyoendelea kuisukuma, na hukurudisha mkono ukiilegeza. Kunesa huko, ambako nimesikia kukiitwa kulegea na puli nzima ikatupwa, ndiko kazi yake. Ya kubadilishwa ni ile yenye springi ambayo inagota kama puli ngumu, au inayozunguka bure pande zote mbili, au inayokwaruza ndani inapozungushwa.