Kinu cha sombe kwenye herufi q: kupiga sauti kwa kibodi na Pure Data

Kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kiko kwenye herufi q. Chupa ya bia ya Simba inayogongwa kwa kijiko iko kwenye s. Nyundo ya fundi wa shaba, niliyoirekodi mtaa wa Kamalondo asubuhi moja kabla barabara haijachangamka, iko kwenye d. Ninapofanya sauti za michezo ya kuigiza hapa Lubumbashi, mezani pangu pana ordinatere, yaani kompyuta, na kibodi yake, basi. Mwigizaji akiinua mchi jukwaani, mimi nabonyeza q, na ukumbi mzima unasikia kinu.

Programu ninayotumia ni Pure Data. Aliyeitunga ni Miller Puckette, yule yule aliyeandika programu ya Max huko IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki, Paris, miaka ya 1980. Max siku hizi inauzwa. Pure Data, aliyoianza miaka ya 1990, ni ya bure, ni nyepesi, na inakubali hata mashine kuukuu. Humo huandiki mistari ya amri. Unaweka visanduku kwenye ukurasa mweupe na kuviunganisha kwa nyaya, kama unavyounganisha maikrofoni, mikisa na spika. Ukurasa mzima huhifadhiwa kama maandishi matupu, kwa hiyo faili lake ni dogo sana. Mimi huwatumia wadogo zangu wa kwaya kwa WhatsApp bila kuhesabu megabaiti.

Kisanduku cha kwanza kinaitwa key. Kila unapobonyeza herufi, key hutoa namba. Hapo ndipo vijana wengi wa kwetu hukwama, na inaniuma, kwa sababu wanadhani wamekosea wao. Video za mafunzo nyingi zimetengenezwa na watu wenye kibodi za QWERTY, mpangilio wa herufi wa Kiingereza. Mwalimu anasema bonyeza a, s, d, f, vidole vinne vya mkono wa kushoto vikiwa vimelala mstari mmoja. Sisi kibodi zetu ni AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, tulizozirithi pamoja na Kifaransa cha ofisini. Kwetu mstari ule ni q, s, d, f, na a imepanda juu. Tarakimu ndizo mbaya zaidi. Mwalimu anasema bonyeza 1, naye anasubiri namba 49. Wewe ukibonyeza kitufe kile kile bila Shift, kibodi inatuma alama ya &, ambayo ni 38. Cha pili kinatuma é, 233. Cha tatu ni 34. Hakuna sauti itakayotoka, na hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo usinakili namba za mtu. Weka key, vuta waya hadi kwenye kisanduku cha namba, toka kwenye hali ya kuhariri kwa Ctrl+E, kisha bonyeza vitufe unavyovitaka ukiandika kinachotokea. Kwangu q ni 113, s ni 115, d ni 100, f ni 102. Herufi kubwa zina namba zao: Q ni 81. Ukigusa Caps Lock kwa bahati mbaya katikati ya onyesho, ngoma zote zinanyamaza. Mimi nimeunganisha namba zote mbili kwa kila sauti ili hilo lisinipate. Mishale ya kibodi haipiti vizuri kwenye key. Iko kwenye kisanduku kingine, keyname, kinachotoa jina la kitufe badala ya namba.

Namba zikishajulikana, kazi inayofuata ni ya select. Unaandika select 113 115 100 102, nacho kinakuwa na matundu matano chini: moja kwa kila namba, na la mwisho kwa zile zisizolingana na yoyote. Ikiingia 113, tundu la kwanza linatoa ujumbe uitwao bang, usio na maana nyingine ila «sasa!». Bang hiyo inaenda kwenye tabplay~, kisanduku kinachosoma sauti kutoka kwenye jedwali. Kutoka hapo sauti inapita kwenye *~ 0.5 ili sauti zikirundikana zisikwaruze, kisha dac~, mlango wa kutokea spikani.

Jedwali hujazwa na soundfiler kwa ujumbe kama huu: read -resize kinu.wav kinu. Faili kwanza, jina la jedwali baadaye. Sekunde moja ya sauti ni namba 44,100 zilizopangwa mstari, na zote zinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Ndiyo maana sauti huamka papo hapo bila kungoja diski.

Faili lenyewe linataka matunzo. Simu nyingi hurekodi kwa m4a, na soundfiler haiisomi. Ipitishe Audacity, programu ya kuhariri sauti, iwe WAV ya chaneli moja. Angalia pia kasi ya sampuli, yaani idadi ya zile namba kwa sekunde. Faili la 48,000 likichezwa na Pure Data iliyowekwa 44,100, sauti inashuka karibu nusutoni moja na nusu na kuwa ndefu kidogo. Kinu kitazidi uzito, labda utakipenda, lakini kengele ya kanisa itakuwa si ile. Halafu kata ukimya wa mwanzo, ukate kabisa. Milisekunde 40 za ukimya kabla ya pigo hazionekani kwa jicho usipokuza picha ya wimbi, ila kidole kinazihisi. Nimeona watu wakilaumu kadi ya sauti kwa kosa la mkasi.

Ucheleweshaji wa kweli kati ya kidole na sauti upo pia, na kwenye mipangilio ya sauti kuna mahali pa kuuandika kwa milisekunde. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 25 ni sawa na kusikia ngoma yako ikiwa mita 8 na nusu kutoka ulipokaa. Kwa mlango unaofungwa jukwaani, hakuna atakayejua. Kwa mdundo wa kucheza na gitaa, ni mwingi. Kwenye Windows tumia kiendeshi cha ASIO, programu ndogo inayofikisha sauti kwenye kadi haraka; mashine isiyokuja nacho inaweza kuwekewa ASIO4ALL, nayo ni ya bure. Punguza namba kidogo kidogo hadi usikie sauti inakatika-katika, kisha rudi juu hatua moja. Fanya jaribio hilo mashine ikiwa kwenye betri. Umeme wa mji wetu ukikatika, mashine nyingi hujipunguzia kasi zenyewe, na mpangilio uliokuwa mzuri mchana unaanza kukwaruza usiku mbele ya watu.

Tabplay~ moja hucheza sauti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza q mara mbili haraka, pigo la pili linalikata la kwanza na unasikia «tik». Kinu hakifanyi hivyo, mwangwi wake huendelea chini ya pigo linalofuata. Weka tabplay~ mbili zinazosoma jedwali lile lile, bang ziende kwa zamu, moja huku, moja kule. Kwangu badiliko hili ndilo lililofanya kinu kisikike kama kinu. Na ukishikilia kitufe, kibodi hurudia herufi yenyewe kama bunduki. Kwenye Linux amri xset r off inazima hilo.

Bado kuna jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulitibu. Chini ya vitufe, nyaya za kibodi zimepangwa kwa safu na nguzo, na kibodi za bei ndogo hushindwa kutofautisha baadhi ya vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja, kwa hiyo hukizima cha tatu. Shikilia q na s, gusa vingine kimoja kimoja huku ukitazama kisanduku cha namba. Kwenye mashine yangu d ilipita, f ikakataa. Nyundo nikaiacha kwenye d, na kilio cha treni ya SNCC, shirika la reli la Kongo, kilichokuwa kwenye f nikakihamishia n, upande wa mkono wa kulia, ambako kidole gumba kinakifikia bila kuacha mdundo.