Gari jipya la spoti si akiba

Wengi huamini ukinunua Ferrari au McLaren mpya, thamani itapanda tu. Sivyo. Zinazopanda ni chache, hasa zilizotengenezwa kwa idadi ndogo: Ferrari F40, ya 1987 hadi 1992, zilitoka 1,300 na ushee tu, na leo moja huuzwa zaidi ya dola milioni. McLaren ya kawaida huanza kushuka bei siku inapotoka dukani, kama gari lolote. Kama unaipenda kwa kuiendesha, nunua kwa moyo mweupe, ila hiyo hela ihesabu imetumika.

Halafu kuna matunzo. Chungulia ndani ya rimu ya Porsche 911: ukiona kalipa (vibanio vya breki) za manjano, diski zake za breki ni za kaboni na seramiki. Kwa hela ya kubadilisha seti nzima, unapata Vitz iliyotumika na chenji inabaki.